Kabla Hujasaini Kurusha Mizigo ya Dharura Marekani

Kampuni inayobeba mizigo ya dharura kwa ndege za kukodi inakulipa zaidi kwa kusubiri kuliko kwa kuruka. Simu iwe karibu, begi liwe mlangoni, na uwe umefika kiwanjani ndani ya nusu saa au saa moja baada ya kuitwa. Ukilijua hilo kabla ya kusaini, utajua cha kuuliza. Usipolijua, utasaini kwa kutazama mshahara na aina ya ndege, na baada ya miezi michache utaanza kutafuta pa kukimbilia kama waliokutangulia.

Nakuandikia wewe uliyemaliza mafunzo Florida, Texas au Arizona, mwenye leseni ya kibiashara na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo, na mwenye haki ya kufanya kazi Marekani, iwe kwa ukaazi wa kudumu ulioupata kwa bahati nasibu ya viza au kwa njia nyingine. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kwa kawaida utapewa miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo, na kampuni nyingi za aina hii hutaka kumfunga rubani kwa mwaka mzima au zaidi. Piga hesabu hiyo kwanza, kabla ya kusoma mengine.

Mlango huu hufunguka mapema kwa sababu ya ajali moja. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50. Bunge la Marekani likabana masharti, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka, isipokuwa wachache waliopita jeshini au kwenye vyuo vilivyoidhinishwa. Ndege za kukodi ziko chini ya kanuni nyingine, Sehemu ya 135. Huko kapteni wa ndege ya mizigo anayeruka kwa vyombo anaweza kuanza na saa 1,200, na msaidizi wake na chini ya hapo. Kwa hiyo vijana huja kukusanya saa, na wakishazipata huondoka. Kuingia na kutoka kwa watu kumo ndani ya mfumo wenyewe, na mwajiri anayekuambia kwake hakuna anayeondoka anakuficha jambo.

Kazi yenyewe imekua pamoja na viwanda vya magari. Kitovu chake cha miaka mingi ni Willow Run, kiwanja kilicho karibu na Ypsilanti, magharibi ya Detroit, ambacho Ford walikijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kiwanda cha ndege za kivita za B-24. Viwanda vya magari siku hizi haviweki akiba kubwa ya vipuri; vinaletwa kidogo kidogo, saa chache kabla ya kufungwa kwenye gari. Lori moja likikwama, au kundi moja la nyaya likikutwa na hitilafu, mstari mzima wa kuunganishia magari unaweza kusimama, na hasara ya kusimama huhesabiwa kwa dakika. Hapo ndipo kukodi ndege nzima kwa ajili ya makasha manne kunakuwa nafuu. Ndege zenyewe mara nyingi ni za zamani lakini imara: Falcon 20 iliyotobolewa mlango mkubwa wa mizigo, Learjet 35, Metroliner ndefu na nyembamba. Mara nyingi marubani ndio wanaoshika makasha, kuyapanga kwa uzito na kuyafunga nyavu, baridi ya Januari ikiwauma vidole.

Sasa chukua karatasi. Tuseme umeahidiwa dola 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Tuseme uko zamu siku 20 na nyumbani siku 10, na katika mwezi unaruka saa 25. Ukigawa mshahara kwa saa za kuruka, unapata dola 200 kwa saa, na hilo linapendeza masikioni. Lakini ukihesabu saa 14 za kila siku ambazo huwezi kwenda mbali, huwezi kunywa bia moja, huwezi kumwahidi mtu chakula cha jioni, hizo ni saa 280. Gawa tena: hazifiki dola 18 kwa saa. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako mahali pake. Hesabu ya pili ndiyo itakayokwambia kama mkeo au mumeo atavumilia. Kwa maoni yangu ndiyo pekee inayofaa kutumika kulinganisha kampuni moja na nyingine.

Baada ya hesabu, isome ratiba, na hapa usiwe na haraka. Kanuni ya 135.267 inasema kwamba katika saa 24 zinazotangulia muda uliopangwa wa kumaliza safari, lazima uwe umepata mapumziko ya saa 10 mfululizo. Rubani akiwa peke yake haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 8 katika saa 24 zozote. Wakiwa wawili, 10. Kila robo ya mwaka unatakiwa kupata vipindi 13 vya mapumziko visivyopungua saa 24 kila kimoja. Maneno haya yanaonekana wazi mpaka uulize: mapumziko ni nini?

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imelijibu swali hilo mara nyingi kupitia wanasheria wake. Mapumziko ni muda usiokatizwa, unaojulikana kabla haujaanza, na ambao ndani yake huna wajibu wowote kwa mwajiri, hata wajibu wa kupokea simu. Kama ni lazima upokee simu na uje, hujapumzika, hata kama ulikuwa umelala fofofo kitandani kwako. Hilo ndilo jambo ambalo baadhi ya kampuni hulizunguka. Zinakuweka tayari saa 24 kwa siku, siku zote za zamu. Kazi ikitokea zinatazama nyuma na kusema, hukuitwa kwa saa 10 zilizopita, kwa hiyo umepumzika. Haihesabiki hivyo.

Kwa hiyo kwenye usaili uliza hivi: nikiwa zamu, mapumziko yangu yanaanza na kuisha saa ngapi, na naambiwa lini? Jibu jema lina saa ndani yake, kwa mfano kwamba utakuwa tayari kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne asubuhi, na nje ya hapo simu yako ni yako. Jibu la "tunaelewana tu, hakuna anayelalamika" ni sababu tosha ya kuchukua koti lako.

Jambo la pili ambalo wageni hulikosa: zile saa 14 zinazobaki ukitoa saa 10 za mapumziko kwenye saa 24 zinaanza kukimbia tangu mapumziko yalipoisha. Simu haizianzishi. Chukua usiku mmoja wa kawaida, kwa saa za Michigan. Mapumziko yako yameisha saa mbili usiku. Hukuitwa, ukajaribu kulala ukashindwa, ukatazama mpira. Saa nane usiku simu inalia: vipuri vinavuka mpaka kutoka Meksiko kwa lori, vitapakiwa Laredo, Texas, na vinatakiwa kiwandani Ohio. Mpango ni kupaa saa tisa, kufika Laredo saa kumi na mbili alfajiri, kupakia kwa nusu saa, na kutua Ohio saa tatu na nusu asubuhi. Kikomo chako ni saa nne. Karatasi iko sawa, kwa nusu saa tu.

Mnafika Laredo na lori halipo. Limekwama darajani, foleni ya forodha. Mnakaa kwenye chumba cha marubani chenye makochi yaliyobonyea na kahawa iliyochemka tangu jana. Lori linaingia saa tatu asubuhi. Mkiondoka sasa mtatua baada ya saa sita mchana, zaidi ya saa mbili nje ya kikomo. Ofisini wanakuambia kwamba ucheleweshaji ulikuwa nje ya uwezo wao na mpango wa awali ulikuwa halali, kwa hiyo kanuni inawaruhusu kuendelea. Mara nyingi wako sahihi kisheria. Lakini kanuni nyingine, ya 91.13, inakataza kurusha ndege kwa uzembe, na anayebeba kosa hilo ni kapteni aliyepaa akijua macho yake yamechoka. Mpangaji wa safari hatakuwemo ndani ya ndege.

Na bado hamjafika nyumbani. Baada ya kushusha mizigo Ohio, ndege inatakiwa irudi Willow Run ikiwa tupu. Safari tupu isiyo na mteja huendeshwa chini ya Sehemu ya 91, ambako kikomo cha kazi na masharti ya mapumziko niliyoyataja hayapo. Ni halali. Ndiyo njia ya kawaida ya kumalizia siku katika kazi hii, na kwa maoni yangu ndiyo saa ya hatari kuliko zote.

Mfano wake mkubwa uliandikwa na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB. Tarehe 18 Agosti 1993, ndege ya mizigo ya DC-8 ya American International Airways, kampuni ya mizigo iliyokuwa na makao yake hapo Ypsilanti, ilianguka ikijaribu kutua kambi ya jeshi ya Guantanamo Bay, Kuba. Wahudumu wake watatu walikuwa wameshafanya kazi usiku kucha wakitarajia kupumzika, wakapewa safari nyingine ya kukodiwa. Wapangaji walikuwa wameipanga hivi: kwenda Guantanamo chini ya kanuni za mashirika, kisha kurudi Atlanta ndege tupu chini ya Sehemu ya 91, ili kikomo kisivunjwe kwenye karatasi. Ilipoanguka, saa kumi na moja kasoro dakika nne jioni, walikuwa kazini kwa takriban saa 18, na kapteni alikuwa macho kwa saa 23 na nusu. Kinasa sauti kilimwonyesha akiulizia tena na tena taa moja ya kumulika ya mpakani, taa ambayo siku hiyo haikuwa ikifanya kazi, huku mwendo wa ndege ukipungua na wenzake wakimwonya. Wote watatu walipona wakiwa na majeraha mabaya. Ndiyo ajali ya kwanza kubwa ya ndege ambayo NTSB iliutaja uchovu kuwa sababu yake.

Ungedhani somo hilo lilibadilisha kila kitu. Januari 2014 Marekani ilianza kutumia kanuni mpya za uchovu, Sehemu ya 117, ambazo hufupisha zamu kulingana na saa unayoanza kazi: anayeanza usiku wa manane anapewa saa chache kuliko anayeanza asubuhi. Zikawahusu wabeba abiria wa mashirika tu. Mizigo iliachwa nje. Na kwenye ndege za kukodi, saa 14 zilizoanza saa nane usiku zinahesabiwa sawa na zilizoanza saa mbili asubuhi, ingawa kila mwili wa binadamu unajua tofauti. Jambo hili linaniudhi, na nadhani na wewe litakuudhi ukishaufanya mwezi wako wa kwanza wa usiku. Pengo hilo halitazibwa kabla ya wewe kusaini. Lizibe mwenyewe kwa swali moja, ambalo uwaulize marubani na si meneja: mara ya mwisho mtu kukataa safari kwa sababu ya uchovu ilikuwa lini, na alifanywa nini? Wakitazamana kabla ya kujibu, umepata jibu.

Turudi kwenye pesa. Kuna wanaolipa mshahara wa mwezi, wanaolipa kwa siku ya zamu, na wanaolipa kwa saa ya kuruka wakikuhakikishia saa kadhaa hata kama ndege hazikuruka. Mtindo wa saa bila dhamana ukatae, maana unaiweka hatari yote ya biashara mfukoni mwako. Usitegemee sheria ya malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki: wafanyakazi wa wachukuzi wa anga waliomo chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, iliyopanuliwa 1936 ikaingiza ndege, hawamo ndani yake. Utalipwa kilichoandikwa kwenye mkataba, basi. Kwa hiyo tafuta yaandikwe: siku ya mapumziko ukiitwa na ukakubali kuja, unalipwa kiasi gani? Siku ya kusafiri kutoka nyumbani kwenda kituoni ni siku ya kazi au ni ya kwako? Posho ya chakula inaanza ukitoka kituoni au baada ya kulala nje?

Tazama pia karatasi ya kodi utakayopewa. Ukiajiriwa kwa W-2, mwajiri analipa nusu ya michango ya hifadhi ya jamii na afya ya uzeeni, nawe nusu. Ukichukuliwa kama mkandarasi kwa fomu 1099, zote ni zako, asilimia 15.3 kabla hujafika kwenye kodi ya mapato, na kwa kawaida huna bima ya kazini wala ya afya. Rubani anayevaa sare ya kampuni, kurusha ndege ya kampuni na kuitwa na kampuni saa yoyote, kisha akaitwa mkandarasi, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Uliza mizigo ni ya nani. Kampuni yenye mteja mkubwa mmoja hutikisika naye. Wafanyakazi wa General Motors walipogoma kuanzia Septemba hadi Oktoba 2019, viwanda havikuhitaji vipuri, na kipuri kisichohitajika hakipandi ndege. Waliowahi kufanya kazi kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi, wanalijua hili kwa miraa: Somalia ilipozuia miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020 mpaka Julai 2022, ndege zilizokuwa zikikimbiza magunia ya Meru kila siku zilikosa kazi, na marubani wake pia. Zao lile linanyauka upesi na kipuri kile kina saa yake, kwa hiyo biashara ni ile ile. Mchanganyiko wa magari, vifaa vya hospitali, vipuri vya mashirika ya ndege na mizigo ya serikali ndio unaompa rubani mwezi unaotabirika.

Kuhusu wanaoondoka, usiulize wangapi. Uliza wanaondoka baada ya muda gani na wanakwenda wapi. Kampuni ambayo watu hukaa mwaka mmoja na nusu au miwili, wakapanda kuwa makapteni, kisha wakachukuliwa na mashirika, inafanya kazi yake vizuri hata kama kila mwaka ina sura mpya. Kampuni ambayo watu hutoka mwezi wa nne wakiwa bado wanadaiwa gharama za mafunzo ina ugonjwa. Mara nyingi ni ratiba: watu huvumilia mshahara mdogo kwa muda wakijua siku zao za mapumziko ni zao. Wanachoshindwa kuvumilia ni kutojua. Mwaka 2022 mashirika madogo yanayolisha yale makubwa yalipandisha mishahara kwa kiasi kikubwa, na marubani wengi wa ndege za kukodi wakaondoka kwa pamoja. Waliobaki wakapandishwa haraka, na kapteni wa miezi michache akakaa na msaidizi wa wiki chache, usiku, kwenye barafu. Ajira za mashirika zilipopungua 2024, wengine wakajikuta wamekaa muda mrefu kuliko walivyopanga. Kwa hiyo omba kujua utakayeruka naye ana muda gani kwenye ndege ile. Ni swali la usalama wako.

Mkataba wa mafunzo ndio utakaokushika ukitaka kutoka. Kampuni inagharimia kibali chako cha Learjet au Falcon, nawe unaahidi kukaa. Ukiondoka mapema, unarudisha. Kuna mikataba ambayo deni hupungua kila mwezi unaofanya kazi, na mingine ambayo linabaki zima mpaka siku ya mwisho. Ya pili usiiguse. Hakikisha kiasi kilichoandikwa ni gharama halisi ya mafunzo, na kwamba ukiachishwa kazi na kampuni yenyewe hudaiwi kitu. Mpelekee mwanasheria wa kazi wa jimbo husika mkataba huo ausome. Ada ya saa yake moja ni ndogo kuliko deni hilo.

Siku ukiamua kuondoka, toa taarifa kwa maandishi na umalize zamu zako. Tangu 2021 FAA ina kanzidata ya kumbukumbu za marubani, na waajiri wanatakiwa kuandika humo mafunzo yako, mitihani uliyofeli, adhabu na namna ulivyotoka. Mwajiri wako anayefuata ataisoma kabla hajakuweka kwenye ndege. Chukua nakala za mitihani yako ya kila miezi sita na kila miezi 12, pamoja na orodha ya saa zako kama kampuni inavyozitambua, wakati bado una funguo za ofisi. Halafu ingia mwenyewe kwenye kanzidata hiyo usome kilichoandikwa juu yako. Ukikuta kosa, una haki ya kuomba lirekebishwe.